Mashine Inapotikisika, Tunamtafuta Nani?

Kamati iliundwa Jumatatu, na kufikia Jumatano ilikuwa imekwisha kumpata mkosaji. Hiyo, ndugu msomaji, ndiyo hulka ya kamati zetu: humpata mtu kabla ya kupata chanzo. Sisemi haya kwa kuzisengenya kamati za wengine, kwa maana katika kamati hii nilikuwa mjumbe, na kalamu iliyoandika rasimu ya kwanza ya taarifa yake ilikuwa yangu.

Kilichotukutanisha ni mashine moja ya mezani katika maabara iliyo karibu na ufukwe wa Ziwa Victoria, hapa Mwanza. Mashine hiyo huitwa sentrifuji. Kwa asiyeifahamu, nitasema kwamba kazi yake ni ile ile ya mtoto anayezungusha ndoo ya maji juu ya kichwa chake bila tone kumwagika. Ndani yake mna mota, na juu ya mota mna rota yenye mikono minne. Kila mkono hubeba kikombe cha chuma, na kila kikombe hubeba mirija ya sampuli. Rota ikizunguka kwa kasi, vikombe huinuka na kulala ubavu, na kila kilicho kizito ndani ya mrija hukimbilia chini. Kinachobaki juu ni kimiminika safi ambacho mtafiti anaweza kukipima.

Sisi tulikuwa tukipima maji ya ziwa. Mkazi yeyote wa Mwanza anaujua Mto Mirongo, unaokatiza katikati ya jiji ukibeba kila tunachokitupa na kukimwaga ziwani. Anaijua pia ile rangi ya kijani inayotanda pembezoni mwa ghuba majira fulani, mithili ya rangi ya mafuta iliyomwagwa. Kijani hicho ni vijimea na vijidudu vinavyostawi kwa mbolea na majitaka yetu. Ukitaka kujua kiasi chake, unachuja maji, unaiyeyusha klorofili iliyonaswa kwenye karatasi ya chujio kwa kutumia asetoni, unaizungusha katika sentrifuji ili mabaki yazame, kisha unapima ukali wa rangi iliyobaki. Mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili alikuwa na sampuli za msimu mzima kwenye jokofu. Klorofili haikai. Mwanga na joto huiharibu, na msimu uliopita haurudi ili uchotwe upya.

Katika hali hiyo mashine ilianza kutikisika.

Mwanzoni ilikuwa mngurumo tu wakati kasi inapanda. Baadaye ikawa inasogea mezani. Asubuhi moja ilitikisika kwa nguvu hata chupa zilizokuwa kwenye rafu ya jirani zikaanguka, na mwanafunzi wangu akakimbilia mlangoni. Fundi sanifu wetu wa maabara, mzee aliyekuwa amebakiza miezi michache kustaafu, aliufikia ukuta na kuchomoa plagi. Hakuna aliyeumia. Lakini anayedhani kuwa hilo lilikuwa jambo la kuchekesha akumbuke yaliyotokea Desemba 16, 1998 katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Rota kubwa ya alumini iliyokuwa ikizunguka mara 20,000 kwa dakika katika mashine ya aina hii, ingawa ya daraja la juu zaidi, ilipasuka. Mashine iliharibika kabisa na chumba kikapata hasara kubwa. Kitu kinachozunguka kwa kasi hubeba nishati nyingi, na nishati hiyo ikikosa njia hutafuta ukuta, au mtu.

Ndipo ikaundwa kamati ya watu watatu. Niliteuliwa kwa sababu mradi wangu ndio ulioitumia mashine ile zaidi kuliko mwingine wowote. Hakuna aliyeuliza, wala mimi mwenyewe sikuuliza, kama mtumiaji mkubwa wa mashine anafaa kuwa hakimu wa kuharibika kwake.

Tulifungua kifuniko cha nyuma. Tukakuta mambo mawili. La kwanza, mmoja kati ya mipira minne inayoishikilia mota na kumeza mtikisiko wake ulikuwa umepasuka. La pili lilikuwa zito zaidi. Mashine hizi huwa na swichi ndogo inayokata umeme rota inapoyumba kupita kiasi. Swichi hiyo ilikuwa imeunganishwa kwa kipande cha waya mwembamba, mwisho wake mmoja hadi mwingine, kiasi kwamba hata rota iyumbe namna gani, umeme usingekatika. Mtu alikuwa ameinyamazisha.

Mjumbe mmoja alimwuliza mzee wetu ni nani aliyefunga waya ule. Akajibu kwa upole, “Ni mimi.” Akaulizwa kwa nini. Akanitazama mara moja, kisha akaitazama sakafu, na hakusema neno.

Jioni ile niliandika rasimu. Ilikuwa na mapendekezo matatu, na ninaamini wasomaji walio katika utumishi wa umma wanaweza kuyataja kabla sijayaandika: kwamba mashine imeharibika kwa uzembe na kuchezewa, kwamba mhusika aandikiwe barua ya kujieleza na gharama zifidiwe kutoka katika stahili zake, kwamba mashine iondolewe kwenye daftari la mali na inunuliwe mpya. Kiswahili chake kilikuwa sanifu, na kila sentensi ilisimama wima.

Usiku sikulala vizuri, na sababu haikuwa wema wa moyo. Ni kwamba mtazamo ule wa mzee, ule wa mara moja, nilikuwa nimeuelewa. Miezi kadhaa nyuma, mashine ilipokuwa ikijizima yenyewe kila tulipoianzisha, nami nikiwa na ripoti ya wafadhili shingoni, nilisimama katika mlango wa maabara nikamwambia, “Mzee wangu, fanya ufundi wowote unaoujua, kazi iende.” Sikutaja waya. Sikutaja swichi. Wenye madaraka hatutaji vitu kama hivyo. Tunataka kazi iende, na jinsi itakavyokwenda tunamwachia aliye chini yetu. Agizo lilikuwa la mdomo. Kosa lililotokana nalo lingekuwa la maandishi, na katika faili la mtu mwingine.

Kesho yake niliwaomba wenzangu jambo moja: kabla hatujasaini, tuijaribu mashine. Mmoja alishangaa. Tulikuwa tumeona waya, tumeona mpira uliopasuka, na mhusika amekiri. Nini tena cha kujaribiwa? Nikajibu kwamba tulichokiona ni mambo mawili yaliyoharibika, lakini hatujajua lipi lilimharibu mwenzake, na wala hatujajua kwa nini swichi ilikuwa ikikata umeme kabla haijafungwa waya. Walikubali, nadhani kwa sababu mtikisiko ulikuwa umewatia hofu wao pia. Mpira mpya uliagizwa Dar es Salaam na ukatufikia kwa basi. Nilipomwita mzee aje tuufunge pamoja, nilimwamkia “Shikamoo” kama siku zote, naye akaitikia “Marahaba, Dokta” kama siku zote, na uzito wa salamu ile nitaukumbuka daima.

Kanuni ya kutafuta chanzo cha mtikisiko ni moja: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha sikiliza. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja, mtikisiko ukiisha, hatajua kipi kiliumaliza, na ukirudi hatakuwa na pa kuanzia.

Tulianza na meza. Mzee alileta pima maji, ile ya mafundi ujenzi, akailaza juu ya mashine kwa upande mmoja na kisha mwingine. Mguu mmoja wa mpira haukuwa ukigusa meza sawasawa. Akaurekebisha hadi povu likatulia katikati. Kisha alifanya jambo ambalo sikulitarajia. Alichukua bisibisi, akautoa ule waya wa swichi kwa mkono wake mwenyewe, akauweka kwenye kisahani cha kioo mbele yangu. “Tusijaribu tukiwa tumemfunga mdomo,” akasema.

Jaribio la kwanza lilikuwa mota peke yake, bila rota. Tuliipandisha kidogo kidogo hadi mizunguko 4,000 kwa dakika, kasi tuliyoitumia kila siku. Ilinguruma kwa sauti moja, bila kukwaruza. Maana yake beringi zilikuwa nzima na shafti haikuwa imepinda. Pale pale pendekezo la tatu la rasimu yangu, lile la kununua mashine mpya, lilianza kupoteza miguu.

Jaribio la pili lilikuwa rota tupu, baada ya kuikagua mbele ya dirisha kama ina ufa au kutu. Ilitetemeka kidogo ilipokuwa ikipita kasi ndogo, kisha ikatulia. Hilo si ugonjwa. Kila mtambo unaozunguka juu ya viegemeo laini una kasi yake mahsusi ambayo mtetemo wake wa asili huamka, na ukiivuka, rota hujitafutia kitovu chake na kutulia. Mhandisi wa Sweden, Gustaf de Laval, alilitumia jambo hili katika karne ya 19 alipoweka shafti nyembamba zinazonepa kwenye mitambo yake ya mvuke, wakati wengi waliamini kuwa shafti ni lazima iwe ngumu. Kwa hiyo mjaribuji asiogope kila mtetemo. Aogope ule usiotulia, au unaokua kadiri kasi inavyokua.

Jaribio la tatu lilikuwa rota pamoja na vikombe vyake vinne vitupu. Hapa mtetemo ulionekana, mdogo lakini wa kudumu. Mzee akatoa vikombe na kuvipima kwenye mizani kimoja kimoja. Vikombe hivi hutengenezwa kwa jozi zenye uzito mmoja, na kila kimoja kina namba yake. Cha 1 hukaa mkabala na cha 3, cha 2 mkabala na cha 4. Mtu alikuwa amevipanga bila kutazama namba. Tofauti ilikuwa gramu chache tu. Tulivirudisha katika mahali pake, tukavipaka mafuta kidogo kwenye ncha zinazovibeba ili vilale ubavu kwa pamoja, tukawasha tena. Mtetemo ukaondoka.

Jaribio la nne: mirija yenye maji, iliyopimwa kwa mizani pande zote mbili. Rota ilizunguka hadi 4,000 bila kuyumba, na glasi ya maji niliyoiweka juu ya meza haikuonyesha hata kiwimbi.

Likabaki jaribio la tano, nalo lilikuwa kufanya kazi kama tulivyokuwa tukiifanya kila siku. Mwanafunzi wangu alifungua mwongozo wa maabara, ule niliouandika mimi na kuusaini mimi, akaufuata neno kwa neno. Mirija kumi ya sampuli za asetoni katika kikombe kimoja. Katika kikombe cha mkabala, mirija kumi ya maji, kwa kuwa asetoni ni ghali na maji hayana bei. Mwongozo ulisema: “Jaza mirija ya upande wa pili kwa maji hadi kimo kilekile.” Binti aliinama, akalinganisha vimo kwa jicho moja, akavipata sawa kabisa. Akafunga kifuniko na kuwasha.

Kasi ilipanda. Haikufika hata mizunguko elfu moja. Mashine ilitikisika mara moja, swichi ikalia kidogo, umeme ukakatika. Rota ikazunguka kwa uvivu hadi ikasimama, na maabara ikawa kimya.

Mzee aliivunja kimya hicho. Alizaliwa Ukerewe katika familia ya wavuvi, na alisema kwa sauti ya mtu anayemweleza mgeni njia: “Dokta, mtumbwi hauulizi kimo cha mzigo. Unauliza uzito.”

Hesabu ni nyepesi kiasi cha kuaibisha. Mililita moja ya maji ina gramu moja. Mililita moja ya asetoni ya asilimia 90 ina takriban gramu 0.83. Mirija kumi ya mililita kumi kila mmoja ni mililita 100. Upande mmoja gramu 100, upande wa pili gramu 83. Tofauti ni gramu 17, uzito wa vijiko vichache vya sukari. Ukiwa mezani hauioni. Lakini ndani ya sentrifuji kila gramu hukua. Chukua umbali kutoka kitovuni kwa sentimita, zidisha kwa mraba wa mizunguko kwa dakika, kisha zidisha kwa 0.00001118; utapata ni mara ngapi uzito umekuzwa. Kwa sentimita 17 na mizunguko 4,000, jibu ni takriban mara 3,040. Gramu zangu 17 zingekuwa zaidi ya kilo 50. Ni sawa na kuufunga mfuko wa saruji upande mmoja wa rota na kuuzungusha mara 66 katika kila sekunde, huku ukimlaumu fundi kwamba mashine inasogea.

Nilikwenda kulisoma daftari la mashine, ambalo kamati haikuwa imelifungua. Mwandiko wa mzee ulikuwa safi. Kwa miaka, wakati tukizungusha matope ya ziwa, maji kwa maji, hakuna tukio lolote. Kisha nikakuta tarehe tulipoanza kazi ya klorofili. Nilibadilisha njia ya utafiti na sikubadilisha mwongozo. Wiki ile ile ameandika: “Imekata yenyewe.” Siku mbili baadaye: “Imekata yenyewe.” Na tena. Baada ya hapo hakuna maandishi mengine ya kukata, kwa maana waya ulikuwa umekwisha kufungwa. Miezi ya ukimya ikafuata, na katika ukimya huo mpira wa mota ulikuwa ukipasuka taratibu.

Kwa hiyo mpira uliopasuka haukuwa chanzo, ulikuwa jeraha. Waya haukuwa chanzo. Ulikuwa ukimya uliolifanya jeraha liwezekane. Na swichi, ambayo sote tuliiita mbovu, ndiyo pekee iliyokuwa ikisema kweli tangu siku ya kwanza. Ilikuwa ikituambia kwamba pande zetu mbili hazilingani. Sisi tulisikia kwamba inatuchelewesha.

Dirisha la maabara ile linatazama ziwa. Sisi tuliokulia katika mwambao huu tunajua gharama ya uzito usiosikilizwa. Nilikuwa kijana wa sekondari Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipopinduka na kuzama ikiwa njiani kuja Mwanza. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Siku ile ilibeba wengi zaidi, na mamia walipotea. Makaburi ya Igoma yapo hadi leo, na mnara wake. Wengi wetu tunakumbuka pia lile lililofuata: kwamba meli ikiwa imeelea kifudifudi, ilitobolewa ili kuwafikia walionaswa ndani, na hewa iliyokuwa ikiishikilia juu ya maji ikatoka, ikazama. Waliotoboa walitaka kuokoa, siwahukumu. Ninasema tu kwamba nia njema isiyojua ni nini kinachokishikilia chombo yaweza kukizamisha. Miaka 22 baadaye, Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa pekee walizidi 200.

Katika misiba yote miwili tuliuliza swali lile lile tuliloliuliza katika kamati yetu: ni nani alikuwa zamu? Swali hilo ni halali, na aliyekuwa zamu awajibike. Lakini lina ndugu yake ambaye huwa tunamsahau: ni nani alitoa tahadhari kabla, naye alifanywa nini? Gatini anakuwepo karani anayehesabu tiketi. Melini anakuwepo baharia anayeona mstari wa maji umepanda. Ofisini anakuwepo mhasibu anayejua kwamba hati ya malipo haina mkataba nyuma yake. Kila mmoja wao ni swichi ndogo. Na karibu kila mmoja amewahi kuambiwa, kwa mdomo, kazi iende.

Nchi yetu haikosi swichi. Katiba, katika ibara ya 143, imemweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na kila mwaka taarifa yake husomwa, tukashtuka kwa wiki mbili. Tunayo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Tunavyo vyama vya wafanyakazi, vyombo vya habari, mahakama na mabaraza ya madiwani. Anayeifungua mashine yetu kutoka nje atakuta kila kifaa kipo mahali pake. Kasoro haionekani mpaka usogee karibu na kuutazama waya mwembamba uliounganisha mwisho mmoja na mwingine: simu iliyopigwa usiku, uhamisho wa ghafla kwenda wilaya ya mbali, mkataba usiohuishwa, agizo ambalo halikuandikwa popote. Baada ya hapo utulivu hutawala, na utulivu huo huitwa amani. Wakati huo mpira unapasuka.

Wanafunzi wangu na wanaharakati wananisoma hapa, nanyi nina neno nanyi pia. Kupiga kelele kwamba mashine inatikisika ni haki, na ni mwanzo. Lakini anayeishia hapo humwachia mwenye kamati kazi ya kuchagua chanzo, na mwenye kamati atamchagua fundi. Someni daftari. Pimeni kwa mizani, msipime kwa kimo. Vitu viwili vyaweza kujazwa hadi mstari mmoja, shule mbili, hospitali mbili, mikoa miwili, vikaonekana sawa katika jedwali la bajeti, na bado kimoja kikawa kizito kwa walio ndani yake kuliko kingine. Kasi ikiwa ndogo tofauti hiyo haionekani. Nchi ikikimbia, huonekana.

Nanyi watumishi wenzangu mnaokaa katika kamati, jipimeni kwanza. Ile rasimu yangu ya Jumatano ilikuwa na ushahidi wa kweli kila mstari. Waya ulikuwepo. Mpira ulipasuka. Mzee alikiri. Uongo wake ulikuwa katika pale ilipoanzia, kwa maana ilianzia kwenye mkono uliofunga waya na haikupanda hadi kwenye mdomo ulioagiza wala kwenye kalamu iliyoandika mwongozo. Uchunguzi unaoishia chini ya dawati la mchunguzi haujaisha.

Niliandika taarifa mpya. Niliandika kwamba chanzo cha mtikisiko ni mwongozo wenye kosa, uliotungwa nami. Kwamba swichi ilizimwa baada ya agizo la mdomo, lililotoka kwangu. Kwamba mashine ni nzima. Mjumbe mmoja alinishauri kwa nia njema niondoe majina, niseme tu “kulikuwa na upungufu wa mawasiliano”. Nilikaribia kumkubalia. Nakiri hilo, kwa sababu sentensi ile ilikuwa laini na ingetufaa sote isipokuwa mmoja. Ilipokataliwa kusainiwa na wote, niliisaini peke yangu kama maoni ya mjumbe. Mapendekezo dhidi ya mzee yakaondolewa. Mimi nilipewa onyo, na lilikuwa stahili yangu. Sampuli za mwanafunzi wangu zilizungushwa zote ndani ya wiki ile, zikiwa zimepimwa kwa mizani, ingawa zile za mwanzo wa msimu zilikuwa zimekwisha kuharibika na utafiti wake ukabaki na pengo ambalo amelieleza waziwazi.

Siku ya mwisho ya mzee kazini nilimpelekea barua ya kumwomba radhi. Agizo langu lilikuwa la mdomo; niliona haifai msamaha nao uwe wa mdomo. Nakala moja nilikuwa nimeiweka katika faili lake. Alivaa miwani, akaisoma taratibu akiwa amesimama kando ya ile mashine, akaikunja mara mbili na kuitia mfukoni mwa koti la maabara. Kisha akaniuliza kama nimekwisha kuubadilisha mwongozo.

Nilikuwa bado. Nikarudi ofisini nikaubadilisha.